Mto Huanzia Shambani

Siku moja baada ya mvua kubwa, nenda ukasimame kando ya kijito kilicho karibu na nyumba yako. Yatazame maji. Je, ni maangavu au ni mekundu? Chota maji hayo kwa chupa nyeupe. Iweke chupa mahali palipotulia mpaka kesho. Asubuhi utaona maji yamekaa juu, na tope limekaa chini.

Tope hilo si takataka. Ni udongo wa shamba. Huenda ni wa shamba lako, huenda ni wa jirani yako. Ni ule udongo wa juu wenye rutuba, unaootesha mahindi, maharage na kahawa. Umeondoka usiku wakati ulipokuwa umelala. Wahenga walisema: maji yakimwagika hayazoleki. Udongo nao ni hivyo hivyo.

Watu wengi hufikiri kwamba mto huanza kule unapoonekana mkubwa. Wengine husema mto huanza kwenye chemchemi. Katika somo hili tutaona kwamba mto huanza mapema zaidi. Mto huanza pale tone la mvua linapogusa ardhi. Kwa watu wa Mbinga, mara nyingi hapo ni shambani.

1. Maji yetu yanakwenda wapi?

Milima ya Umatengo ni mirefu. Baadhi ya sehemu zake zinafikia mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini sana, mita 475 hivi tu. Kwa hiyo maji ya Umatengo yana mteremko mkali, na yana mbio. Yanashuka kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya kaskazini. Huko vijito vinashuka mpaka Mto Ruhuhu. Mto huu unaanza katika milima ya Kipengere, upande wa Njombe. Unapita katika bonde lililo kati ya milima hiyo na milima ya Umatengo. Kisha unaingia ziwani kati ya Manda na Lituhi. Manda iko katika Wilaya ya Ludewa. Lituhi iko katika Wilaya ya Nyasa, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Ruhuhu ni mto mkubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Nyasa kutoka Tanzania. Kwa miaka mingi watu wa Lituhi na Manda waliuvuka kwa mitumbwi na kwa kivuko, huku wakiwaogopa mamba. Siku hizi liko daraja.

Njia ya pili ni ya mashariki na kusini. Huko vijito vinakwenda Mto Ruvuma. Ruvuma unaanza katika milima ya Matogoro, karibu na mji wa Songea. Mbele unakuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji, hadi Bahari ya Hindi.

Njia ya tatu ni ya magharibi. Huko vijito vifupi vinashuka moja kwa moja ziwani, upande wa Liuli na Mbamba Bay.

Ziwa lenyewe nalo lina mlango. Maji yake hutoka upande wa kusini, katika nchi ya Malawi, kwa Mto Shire. Shire unaingia Mto Zambezi, na Zambezi unaingia Bahari ya Hindi. Basi tone la mvua lililoanguka kwenye mgomba wako laweza kupita katika nchi tatu kabla ya kufika baharini. Likiwa safi, litapita safi. Likibeba udongo, litautua njiani, juu ya mali ya watu wengine.

2. Mashimo ya wazee

Wamatengo waliujua ukali wa milima yao tangu zamani. Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 Wangoni walifika kutoka kusini, wakapigana na wenyeji. Wamatengo wengi walikimbilia milimani. Huko walisongamana. Ardhi ilikuwa haba, nayo ilikuwa na mteremko mkali. Hawakuweza kulima leo hapa na kesho kule. Ilibidi shamba lile lile liwalishe mwaka hadi mwaka. Hapo ndipo kilimo cha ngoro kilipopata nguvu.

Ngoro ni shimo. Ukiwa mbali ukautazama mlima wenye ngoro, utadhani umefunikwa kwa sega la nyuki. Kila tundu la sega hilo ni shimo, na kila ukuta wake ni tuta.

Ngoro hutengenezwa hivi:

Kwanza, mvua zinapokaribia kwisha, karibu mwezi wa Machi, wanaume hufyeka majani marefu. Majani hayachomwi moto. Huachwa yakauke kidogo.

Pili, majani hupangwa kwa mistari inayokwenda juu na chini, na mingine inayokatisha mlima. Mistari ikikutana hufanya vyumba vingi vya mraba. Kila chumba kina upana wa hatua mbili hivi.

Tatu, wanawake huchimba katikati ya kila chumba. Udongo unaotoka huwekwa juu ya mistari ya majani. Hivyo majani huzikwa, na juu yake hutokea matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo.

Nne, maharage yakishavunwa, shamba husubiri mvua. Mvua zikianza, mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale. Wakati wa palizi, magugu hutupwa ndani ya mashimo. Yakioza huwa mbolea.

Tano, mahindi yakishavunwa, shamba hupumzika, na majani huota tena. Machi ikifika kazi huanza upya. Ngoro mpya hazichimbwi pale pale palipokuwa na za zamani. Mashimo huhamishwa, ili udongo na mbolea iliyooza vichanganyike shamba zima.

Ndugu msomaji, sasa tufanye hesabu kidogo. Chukua shamba la ekari moja. Kama kila ngoro pamoja na matuta yake inachukua mita mbili kwa mita mbili, ekari moja itakuwa na ngoro kama 1,000. Tuseme kila ngoro inashika maji debe 5 tu. Zidisha 1,000 kwa 5. Utapata debe 5,000. Debe moja ni lita 20. Kwa hiyo ekari moja ya ngoro yaweza kuzuia lita 100,000 za maji ya mvua kwa wakati mmoja.

Hilo ni bwawa. Limejengwa bila saruji na bila mtambo, kwa jembe tu. Tena halikujengwa na mhandisi. Lilijengwa na mama mwenye mtoto mgongoni.

3. Ngoro na mto zina uhusiano gani?

Maji yaliyoshikwa na ngoro hayapotei. Huzama ardhini polepole. Huko chini husafiri taratibu, kisha hutokea tena bondeni kama chemchemi. Safari hiyo huchukua muda mrefu. Ndiyo maana chemchemi nzuri hutoa maji hata mwezi wa Septemba na Oktoba, wakati mvua imekwisha siku nyingi.

Sasa fikiria mlima uliolimwa bila ngoro, bila matuta na bila majani. Mvua inaponyesha, maji hayapati pa kukaa. Hukimbia yote kwa saa chache. Hubeba udongo, huchimba makorongo, hujaza mito kwa ghafula. Watu wa bondeni husema, "Mwaka huu mvua ni nyingi mno." Kiangazi kikija, mto unakauka. Watu wale wale husema, "Mwaka huu mvua ilikuwa haba." Kumbe mvua ni ile ile. Mafuriko na ukavu huo ni ugonjwa mmoja. Maji yamekosa mahali pa kungojea.

Mnaweza kulijaribu jambo hili darasani. Tafuteni mahali palipo na mteremko. Upande mmoja chimbeni vishimo vidogo vyenye kingo. Upande wa pili lainisheni udongo tu. Mwagieni kila upande ndoo moja ya maji, na chini wekeni sinia. Kisha linganisheni masinia hayo mawili. Ni lipi lenye maji mengi? Ni lipi lenye tope? Wakumbukeni walio kwenye sinia la chini. Hao ndio ndugu zetu wa Lituhi na Mbamba Bay.

4. Nani aliutunza mto zamani?

Zamani Umatengo haukuwa na ofisi ya maji. Lakini haikuwa na maana kwamba kila mtu alifanya alivyotaka.

Ukoo ulikaa katika eneo lililoitwa ntambo. Ntambo ni mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili. Juu ya kilele kulikuwa na msitu. Chini ya msitu kulikuwa na mashamba ya ngoro. Chini zaidi kulikuwa na nyumba na migomba, na bondeni kulikuwa na maji. Ukiangalia vizuri utaona kwamba mipaka ya ntambo ni mipaka ya maji. Aliyekata msitu wa juu alijua kwamba chemchemi itakayokauka ni ya mama yake mwenyewe.

Watu wa ukoo walikutana katika baraza lililoitwa sengu. Walikula pamoja na kuzungumza pamoja, mbele ya mzee wao. Humo yalisemwa mambo ya ndoa, ya ugomvi, ya mashamba na ya misitu. Kijana alijifunza humo namna ya kulima na namna ya kuishi na wenzake. Hivyo mto ulitunzwa na watu waliofahamiana, waliokula katika sahani moja.

Wageni nao waliuona ustadi huu. Mwaka 1938 afisa mmoja wa Kiingereza, A. H. Pike, aliandika makala juu ya namna Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Serikali ya wakati ule ilikuwa na hofu kubwa ya mmomonyoko. Hapa ilikuta kazi imekwisha kufanywa na wenyeji.

Mahali pengine mambo hayakwenda hivyo. Katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, ili kulinda maji ya Mto Ruvu. Kazi ilikuwa nzito. Tena udongo wa milima ile ni mwembamba. Kuchimba ngazi kulileta juu udongo usio na rutuba. Mwaka 1955 Waluguru walikataa. Kulitokea ghasia, na mtu mmoja aliuawa. Baada ya hapo mpango ulivunjika.

Tunajifunza nini? Uluguru na Umatengo vyote vilihitaji hifadhi ya udongo. Lakini kule watu waliletewa amri, na huku watu walikuwa na desturi yao iliyowapa chakula. Hifadhi isiyomlisha mkulima haidumu.

5. Mambo yalivyobadilika

Katika miaka ya 1920 kahawa ilianza kupandwa Umatengo. Kahawa ilileta fedha. Ilisomesha watoto, na iliezeka nyumba kwa mabati. Hakuna haja ya kuilaumu. Lakini kahawa ilichukua sehemu ya ardhi nzuri karibu na nyumba. Mashamba ya chakula yalisogea mbali zaidi, na mengine yalipanda kwenye misitu ya vilele.

Watu nao waliongezeka. Ntambo iliyotosha familia tano haikutosha familia ishirini. Shamba lililopumzika halikupumzika tena. Kuanzia miaka ya 1960 watu wengi walianza kuhamia mashariki, kwenye misitu ya miombo. Huko ardhi haina mteremko mkali, na wengi hawakuchimba ngoro. Walikata miti, wakachoma, wakalima. Misitu ile nayo ni kisima cha mito.

Mwaka 1980 vikundi vya kusikiliza redio nchini kote vilijifunza somo lililoitwa Misitu ni Mali. Watu walipanda miti mingi. Lakini mwitu uliokatwa kwenye chemchemi haurudi kwa mwaka mmoja. Katika miaka ya 1990 bei ya mbolea ilipanda, na soko la kahawa liliyumba. Wakulima wengi walitafuta mashamba mapya ili wapate chakula na fedha. Misitu ilikatwa zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo yafaa tuliseme wazi. Ngoro ni kazi ngumu. Mwanamume hufyeka na kupanga majani kwa siku chache. Mwanamke huinama na jembe siku nyingi. Vijana wakiondoka kwenda mjini, mikono inapungua. Mama aliyebaki peke yake huona afadhali alime sesa, au alime matuta ya kawaida. Usimwite mvivu. Amechoka.

6. Mbasa anasemaje?

Sasa tushuke mpaka ziwani. Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa katika Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Kina chake kinafikia mita 700 hivi. Samaki wake wengi hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Mmoja wao ni mbasa. Kila mtu wa Lituhi anamjua. Mbasa huishi ziwani, lakini hazai ziwani. Wakati wa kuzaa ukifika, mito ikiwa imejaa, huingia mtoni na kupanda juu akipambana na mkondo. Ruhuhu ni mmoja wa mito yake mikubwa. Hutafuta mahali penye changarawe na maji safi yanayokwenda. Hapo hutaga mayai.

Mbasa ana adui wawili. Adui wa kwanza ni wavu uliotandazwa kukatisha mlango wa mto. Samaki anayekamatwa hapo ana mayai tumboni. Ukimla huyo mmoja, umekula na watoto wake wote. Adui wa pili ni tope. Tope likiingia katikati ya changarawe, mayai hukosa hewa na kufa.

Mbasa wamepungua ziwani. Wavuvi wa Tanzania na wa Malawi wote wanalisema jambo hilo. Mvuvi humlaumu mvuvi mwenzake kwa nyavu haramu, na huenda ana haki. Lakini wavu mwingine uko mlimani. Korongo lililoachwa wazi juu ya mlima ni wavu unaoua samaki ambao bado hawajazaliwa.

7. Nguvu za maji

Maji yanayoshuka yana nguvu. Watu wameanza kuzitumia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji wa Kindimba walishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Walijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji ya kijito. Akina mama walipata unga karibu. Kisha watu waliona jambo ambalo lilikuwa limesahauliwa: bila maji mashine haisagi. Basi wakapanda miti na kulinda vyanzo, na wengine wakachimba mabwawa ya samaki. Mashine iliwafundisha kuliko hotuba.

Mwaka 2015 mtambo wa umeme wa Tulila ulianza kazi katika Mto Ruvuma. Ulijengwa na masista Wabenediktini wa Chipole. Unaweza kutoa megawati 5. Kabla ya hapo mji wa Songea ulitegemea mitambo ya dizeli. Katika Ruhuhu nako kuna mpango wa siku nyingi wa kujenga bwawa kubwa la umeme, mahali paitwapo Kikonge.

Bwawa ni jambo jema, lakini lina adui yule yule: tope. Tope hujaa chini ya bwawa mpaka nafasi ya maji inakwisha. Tuwatazame jirani zetu wa Malawi. Sehemu kubwa ya umeme wao hutoka katika Mto Shire, yaani katika maji ya ziwa letu. Mwaka 1965 walijenga kizuizi pale Liwonde ili kuyapima maji yanayotoka ziwani. Lakini milima iliyo kando ya Shire imelimwa mno. Kila mvua ikinyesha, tope na magugu huziba mitambo. Wahandisi huizima ili kuisafisha, na watu hukaa gizani. Mwezi wa Januari 2022 dhoruba iitwayo Ana ilileta mafuriko, ikavunja bwawa la Kapichira. Nchi ilipoteza karibu theluthi moja ya umeme wake.

Basi asidhani mtu kwamba bwawa kubwa laweza kuchukua nafasi ya ngoro. Bwawa kubwa lisilo na mabwawa madogo mlimani litajaa tope.

8. Sheria inasema nini?

Mwaka 1974 Tanzania ilitunga sheria ya matumizi ya maji. Mwaka 2009 ilitungwa sheria mpya ya kusimamia rasilimali za maji. Kila bonde kubwa lina bodi yake. Ruhuhu na vijito vinavyoingia ziwani viko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa. Ruvuma uko chini ya Bodi ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini.

Unaweza kuchota maji ya nyumbani bila kibali. Lakini ukitaka kuchepusha mto kwa ajili ya umwagiliaji mkubwa au mtambo, ni lazima uombe kibali kwa bodi. Wanakijiji wanaotumia kijito kimoja wanaweza kuunda jumuiya ya watumia maji. Jumuiya hiyo hutambuliwa na sheria.

Iko pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Hiyo inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita 60 ni kama hatua 80 za kawaida.

Hapa pana ugumu. Bonde la kijito ndilo linaloipa familia mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi, mwezi ambao ghala ni tupu. Mwenye mashamba matano akiambiwa aondoke bondeni, hapati hasara kubwa. Mjane mwenye bustani moja tu akiambiwa aondoke, watoto wake watalala njaa. Kijiji chenye busara hakianzi kwa kumfukuza mjane. Huanza kwa kuuliza: tukiondoka hapa, huyu atalima wapi? Mara nyingi jibu lipo. Laweza kuwa sehemu ya shamba la kijiji, au bustani iliyo juu kidogo ya mstari.

9. Tufanye nini?

Mambo haya yako ndani ya uwezo wetu:

1. Tuendelee kuchimba ngoro kwenye miteremko mikali. Kazi hii isiachiwe wanawake peke yao. Wanaume wachimbe pia. Ushirikiano wa kulima kwa zamu, leo kwako na kesho kwangu, unapunguza uchovu.

2. Kwenye miteremko midogo tulime kwa kufuata kontua, tupande majani kwenye kingo za matuta, na tufunike udongo kwa mabua badala ya kuyachoma.

3. Chemchemi izungushiwe miti ya asili, kama mikuyu. Mikaratusi isipandwe hapo. Inakunywa maji mengi. Ipandwe mbali, kwa ajili ya kuni na mbao.

4. Maji machafu yanayotoka kwenye mashine ya kumenyea kahawa yasielekezwe mtoni. Yachimbiwe shimo. Maganda yakioza ni mbolea.

5. Korongo lizibwe lingali dogo, kwa mawe, vigingi na majani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

6. Wavuvi wasitege mlango wa mto wakati mbasa wanapopanda kuzaa.

7. Makaa ya mawe yanachimbwa Ngaka, Wilaya ya Mbinga, tangu mwaka 2011. Mahali popote penye machimbo, kijiji kina haki ya kuuliza: maji machafu ya shimo yanakwenda wapi?

Jambo la mwisho ni la haki. Mwanamke anayechimba ngoro juu ya mlima anamlinda mbasa ambaye hatamla. Anailinda taa ambayo pengine haiwaki nyumbani kwake. Je, sisi tulio bondeni, ziwani na mjini tunamrudishia nini? Jembe zuri, barabara ya kufikisha kahawa yake sokoni, bei ya haki, miche ya miti, umeme kijijini: hivyo si sadaka. Ni malipo ya kazi ya kuutunza mto.

Ndugu msomaji, mvua ijayo rudi tena kando ya kijito chako na ile chupa nyeupe. Pima tope kwa vidole. Andika tarehe na kipimo katika daftari lako. Mwakani pima tena. Sasa unajua kusoma na kuandika. Daftari hilo litakuwa shahidi wako katika mkutano wa kijiji.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Maji ya kijiji chenu yanakwenda Ruhuhu, Ruvuma au moja kwa moja ziwani? Chora njia yake.
2. Kwa nini mto unaofurika wakati wa mvua hukauka kiangazi?
3. Ngoro moja ikishika debe 4, ngoro 600 zitashika debe ngapi? Ni lita ngapi?
4. Kwa nini Waluguru walikataa matuta ya ngazi mwaka 1955? Je, mngefanyaje?
5. Katika kijiji chenu nani anachimba ngoro? Mzigo huo mnaweza kuugawanaje?

Maneno ya kukumbuka

Changarawe: vijiwe vidogo vidogo vya mtoni.
Kontua: mstari unaokatisha mlima bila kupanda wala kushuka.
Korongo: shimo refu lililochimbwa na maji ya mvua.
Mmomonyoko: kuchukuliwa kwa udongo na maji au upepo.
Sesa: shamba lililolimwa bila matuta.